Bibi Alinisukuma Mlimani

Careen, nimeharibikiwa. Leo kocha anachagua timu ya baiskeli ya mkoa, kwenye mlima wa kutoka Mbamba Bay kuja Mbinga.

Unajua huku anayepandisha baiskeli husukumwa na yeyote aliye karibu. Kona ya mwisho, bibi mmoja akatua jembe, akasukuma tandiko langu. Akasukuma, Careen.

Pumzi ya kumkataza sikuwa nayo. Na ningemkatazaje mtu mzima?

Kocha hakuona. Nikawa wa kwanza. Nikanyamaza.

Bibi naye akafika juu.

"Shikamoo mama," kocha akasema.

"Marahaba. Huyu binti nimemsukuma mimi. Alikuwa anakufa."

Kocha akanigeukia. "Beatha, shuka ukarudie. Peke yako."

Ninashuka sasa. Bibi ametangulia kuningoja pale konani.