Msafara Kichwani kwa Salome

Jumatano, Cheyo, Tabora. Joto la kusubiri mvua. Kifua kimetulia tena na mikono inatetemeka kidogo tu, kwa hiyo naandika, kidole kimoja kwenye simu.

Daktari ameniambia ukweli, nami nimemwelewa. Sina lalamiko. Nimebakiwa na siri moja, wala si mbaya. Naitoa leo.

Nywele za binti yangu Salome, alipokuwa mdogo, nilikuwa nazisuka mimi.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mwalimu katika kijiji kipya upande wa Goweko, na mke wangu alikuwa mjini akisomea ukunga. Aliniachia Salome, mtoto wa miaka minne mwenye nywele nzito, pamoja na onyo: "Nisikute umemnyoa." Mtoto mwenyewe akiona chanuo, anaingia chini ya kitanda. Jirani yetu, Mama Kulwa, alijaribu kumchana, akang'atwa kidole.

"Mwalimu," akaniambia, "mistari nitakufundisha. Meno ya huyu siyataki tena."

Nikajifunza kwa nyuzi za katani nilizozifunga kwenye mguu wa kiti. Mikono ilielewa upesi. Kilichonishinda ni kilio.

Babu yangu alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi pwani. Alitusimulia jinsi msafara ulivyomtii kiongozi wake: akisema tua, mizigo chini, akisema twika, mizigo kichwani, safari inaendelea. Basi nikamwambia Salome kwamba kichwa chake ni njia, chanuo ni mpagazi, mafundo ya nywele ni vilima, na kiongozi ni yeye. Akisema tua, nasimama, hata kama nimebakiza unywele mmoja.

Siku ya kwanza alisema tua kila chanuo kilipomgusa. Mpagazi wangu alishinda amekaa njiani. Nilivumilia.

Kidogo kidogo akaanza kumhurumia. "Mpe maji," akaniamuru. Nikatia mafuta ya karanga kwenye fundo, likalegea. Haukupita muda mrefu akawa analeta kigoda mwenyewe na kuniuliza leo tunaelekea wapi. Kwihara, kituo cha misafara ya babu, ilikuwa utosini. Pwani ilikuwa kisogoni.

Haya yote tuliyafanya mlango umefungwa. Mkutanoni nilikuwa nawahimiza wanaume wawasaidie wake zao kuteka maji, kisha narudi nyumbani, natia komeo, nasuka. Nilimwambia Salome isiwe habari ya nje. Kisimani wanawake walimsifia Mama Kulwa kwa nywele za Salome, naye akipita dirishani kwangu ananong'ona, "Mwalimu, mstari wa kushoto umelewa."

Zile zilikuwa saa zangu nzuri kuliko zote. Sijawahi kumwambia mtu.

Salome alitunza siri mpaka nikadhani ameisahau. Hadi leo huwasimulia wajukuu wake jinsi Mama Kulwa alivyokuwa na mikono laini. Mimi hukaa kimya, na nakiri, huniuma kidogo. Sikutaka kuondoka huku yeye akimshukuru mtu mwingine.

Leo mchana mjukuu wake, Neema, alikuwa analia uani. "Kesho nakunyoa, tupumzike wote," nilimsikia Salome akimwambia.

Nikaomba niletewe mtoto na chanuo.

Nilimkalisha ukingoni mwa kitanda, nikamweleza habari za msafara, nikaanza. "Tua," akasema. Nikatua. Kiongozi akafikiri.

"Twika."

Sauti haikuwa ya Neema. Salome alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi, unga ukimwagikia khanga yake.

"Baba," akasema taratibu, "mbona mpagazi hujampa maji?"

Akaenda kuleta mafuta, akaketi karibu yangu, akamshika mtoto kichwa.

"Na Mama Kulwa je?" nikamuuliza.

"Mama Kulwa nilimng'ata."

Tulicheka mpaka kikohozi kikanirudia. Neema akatukemea kwamba msafara umesimama bila amri yake.

Mikono ilichoka tulipofika Kwihara. Sasa mtoto anacheza uani, mbele mistari, nyuma msitu, na hakuna aliyeutaja tena wembe. Mstari wa kushoto bado umelewa.

Kesho, Mungu akipenda, kisogo.