Meza ya Karata Sebuleni Kwangu

Mpendwa Bi Shamsa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa sina pa kushika, naomba unisaidie. Mimi ni mama wa Magomeni, nina mtoto mmoja, Abbasi, wa miaka kumi na saba, na mwaka jana nilipoona anaanza kushinda vijiweni mtaa wa Gerezani nikasema bora acheze nyumbani nikimwona, nikawaruhusu yeye na wenzake wacheze karata za poka sebuleni kila Jumamosi mchana, mwanzoni wakichezea vizibo vya soda, nami nikiwakaangia mihogo, nikajiona nimewaokoa.

Miezi haikupita mingi vizibo vikawa hela, nikanyamaza, kisha Abbasi akaniambia mwenye nyumba ana fungu lake kila mchezo, na Mungu anisamehe, nikawa napokea, nalipia umeme, huku nikijua kabisa kamari ni haramu.

Mmoja wao alikuwa Benedict, mtoto wa jirani yangu Evarista anayeuza dagaa Kariakoo, kijana mpole wa kidato cha tatu, na mama yake alijua wanakuja kwangu kujisomea kwa sababu ndivyo nilivyomwambia mwenyewe. Beni akashindwa mchezoni Jumamosi tatu mfululizo, ya tatu akaweka mezani simu ya mama yake aliyoichukua bila kumwambia, nayo ikaenda, na aliyeishinda ni Abbasi wangu. Beni akanifuata jikoni, akasema, "Mama, mwambie Abbasi anirudishie, nitamlipa." Nikamjibu, "Mchezo ni mchezo, mwanangu. Kama huwezi kushindwa usingekaa." Bi Shamsa, nilikuwa nageuza mihogo, hata sikumtazama.

Jumatatu yake akaenda Gerezani kung'oa kioo cha pembeni cha gari ili akauze aikomboe ile simu, watu wakamkamata, wakampiga kwa nondo na matofali mpaka polisi walipofika. Hii ni wiki ya tatu yuko hospitali, jicho la kushoto limekwenda, hamtambui mtu isipokuwa mama yake. Evarista anajua tu kwamba mwanawe aliiba, anajiuliza alikosea wapi kumlea, nami nampelekea uji kila asubuhi, naye ananishika mkono anasema, "Dada, ndugu yangu niliyebaki naye ni wewe." Abbasi hali vizuri, simu ameificha kabatini, ananisihi nisiseme maana tutafungwa wote wawili. Niseme, au nizikwe nalo?

Mama Abbasi, Magomeni

Marahaba, Mama Abbasi. Nimekupigia mara mbili kwenye namba uliyoacha, hukupokea, kwa hiyo nakujibu hapa kwenye safu yangu, majina yote nimeyabadilisha.

Pole. Hukuanza kwa ubaya, mama wengi Bongo hii wanahangaika hivyo hivyo kuwaweka vijana wao karibu. Lakini siku ulipopokea fungu la kwanza uliacha kuwa mama wa wale watoto, ukawa mwenye kijiwe. Usimsukumie Abbasi hilo. Mtu mzima pale ndani ulikuwa wewe.

Useme. Evarista anajihukumu kwa kosa lililokulia sebuleni kwako, nawe unakaa pembeni yake kila asubuhi ukimwacha ajihukumu. Huo uji unajitibu nao wewe, si yeye.

Leo mkalishe Abbasi, umwambie mnakwenda wote, na simu aibebe yeye mwenyewe. Msiende wodini, Beni asisikie. Mwende nyumbani kwa Evarista akiwa ametulia, pamoja na mjumbe wenu wa nyumba kumi, ila mjumbe asikusemee. Mweleze habari ya fungu lako, na ule uongo wa kujisomea, na neno lile ulilomjibu mtoto wake jikoni, kama lilivyotoka, usilipambe. Ukishasema, nyamaza. Akilia mwache alie, akikufukuza toka, na usianze kumweleza ulivyoteseka wewe. Akitaka kwenda polisi, mfuatane. Waliompiga mtoto kwa nondo wana kesi yao, na ushahidi wako juu ya kilichompeleka Gerezani utamfaa Beni, hata kama utakugharimu wewe. Na wazazi wa wale vijana wengine uwaambie wiki hii hii, mmoja mmoja.

Huenda asikusamehe kamwe, nami siwezi kukuahidi vinginevyo. Msamaha ni mali yake, atautoa au ataunyima. Ila atakapoketi tena kando ya kitanda cha mwanawe, aketi akijua yaliyompata, kwa sababu yeye ndiye aliyemzaa.