Chupa ya Pilipili ya Mzee Tang

Jumatatu, 3 Juni 2024

Kaka yake Madame Lin anakuja Ijumaa kutoka Kigali. Yeye ndiye mwenye mgahawa huu wa Kamembe, Madame anausimamia tu. Anataka kuonja samaki wangu. Akimpenda, nabaki jikoni. Asipompenda, analeta mpishi wake wa Kigali na mimi narudi kuosha sahani. Madame aliniambia hayo huku akipanga mayai, kama anayesema kesho mvua itanyesha. Miaka minne nimesimama kwenye lile jiko!

Samaki wa mvuke wa kwao Guangzhou: tilapia mzima, tangawizi, majani ya kitunguu, sosi ya soya, mafuta ya moto juu. Basi. Pilipili hapana. Madame husema samaki aliye hai hadi dakika ya mwisho hahitaji msaada wa mtu.

Chupa yangu iko nyuma ya gunia la mchele. Hajui.

Jumanne, 4 Juni

Nimeifungua leo Madame alipotoka. Bado inanukia vizuri, chachu na chumvi.

Aliyenifundisha ni Mzee Tang, mpishi wa kambi ya Wachina wajenzi wa barabara kule Nyakabuye. Mtu wa Hunan, kwao hawali bila pilipili. Mimi nilikuwa namenya viazi tu. Kata pilipili nyekundu, tia chumvi, funga, ngoja. Alinieleza yote kwa mikono. Kambi ilipovunjwa akanipa chupa, akapanda gari, hakugeuka. Tangu hapo sijaiacha ikauka. Ikifika nusu naongeza.

Mwaka wa kwanza Madame aliinusa. Akasema: mwaga, hicho ni chakula cha watu wa barabarani. Nilimwaga nusu mbele yake. Hata mimi nilitoka barabarani. Nusu nyingine nikaificha.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeelewana na Joséphine wa Bukavu. Ni yeye peke yake anayevusha samaki hai pale mpakani, Rusizi ya Kwanza, ndani ya bidoni, dumu la plastiki lililokatwa juu, na maji ya ziwa humo humo. "Maman Védastine, usiogope. Zitafika zinaruka!"

Nimepiga pasi aproni. Nimesali.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitaruka jambo.

Saa tano bidoni ikafika. Haina maji! Samaki wote wanne wamelala kimya. Foleni ya mpakani ilikuwa ndefu, Joséphine akamtanguliza mbebaji wake mpya, Akilimali, mtu mzima mwenye mvi. Naye akamwaga maji darajani ili mzigo uwe mwepesi.

Wala haoni haya. "Maman, ile bidoni ilikuwa nzito sana. Bantu ba Kamembe banakosaka mayi? Ziwa si iko hapo chini?"

Nilitaka kumchapa mwiko. Kisha nikacheka. Kisha nikalia. Na mgeni ameshakaa mezani!

Nimpike samaki mfu kwa njia ya Guangzhou? Kaka angejua kwa tonge la kwanza. Sosi ile haifichi kitu. Basi nikamwosha kwa ndimu, kama mama alivyofanya kule Bukavu tulipokuwa wadogo. Nikavuta chupa. Tangawizi ya Madame chini, pilipili za Mzee Tang juu, kichwa hadi mkia. Mvuke dakika kumi. Soya. Mafuta ya moto — shwaa! Watu barabarani walipiga chafya.

Madame akaingia, akaiona sahani. "Védastine, unaniua." Lakini mgeni alikuwa anaita. Akaibeba mwenyewe.

Nilisimama nyuma ya pazia. Kaka akaonja. Akaweka vijiti chini. Nikasema moyoni: haya, sahani na sabuni. Akafuta jasho kwa leso. Akavishika tena! Akala shavu la samaki, akala jicho, akaomba wali mara mbili. Halafu nikaitwa.

Alisema kwa Kichina, Madame akanigeuzia kwa Kiswahili chake cha Bukavu, alikouza viatu zamani. "Anauliza ulijifunza wapi. Anasema zamani alifanya kazi kwa kiwanda kule Shenzhen, karibu na kwetu. Bantu ba Hunan balikuja kule bengi, na pilipili yabo. Nyuma ya kiwanda kulikuwa mupishi moja wa kwetu. Samaki ya kwetu, pilipili ya kwabo. Alikula pale kila siku ya samedi. Anasema tangu atoke kule hajaipata, hata Kigali."

Nikamtaja Mzee Tang. Halafu sijui nini kilinisukuma, nikakiri kwamba samaki alikufa njiani. Madame alisita, kisha akamwambia. Kaka akacheka hadi akakohoa.

"Anasema hata zile za Shenzhen zilikuwa za kufa. Ndiyo maana balitia pilipili."

Nilirudi jikoni nikakaa juu ya gunia la mchele. Asante Mungu. Asante Mzee Tang, popote ulipo. Hata wewe Akilimali!

Jumamosi, 8 Juni

Nimelala hadi saa mbili. Kaka ameondoka na basi la asubuhi. Kuhusu mpishi wa Kigali hakusema neno, wala ndiyo wala hapana. Lakini sahani yake ilirudi na mifupa mitupu.

Jumapili, 9 Juni

Nimetoka misa, najiandaa kula, hodi mlangoni. Madame Lin! Hajawahi kufika kwangu. Ana beseni la pilipili nyekundu, kilo tatu hivi, na chupa mpya mbili zilizooshwa. Amevua viatu, amekaa kwenye mkeka wangu, ameshika kisu.

Nimemuuliza kuhusu mpishi wa Kigali. Anasema kaka atapiga simu kesho. Simu ya kuamua nini? Akavuta beseni. Akauliza yeye:

"Chumvi, tunatia ngapi?"

Miaka minne, hii ni mara ya kwanza ananiuliza kitu. Nimemwambia aningoje kidogo niandike. Nimemwambia pia asiguse uso. Anakata taratibu, vipande vidogo vidogo, vizuri kuliko vyangu —

Ameshika jicho! Naenda kuleta maziwa.