Kongo Isubiri, Kaka

Kaka yangu Idi,

Shikamoo. Sijui kama bado unaitikia marahaba kwa ile sauti yako ya kujifanya mzee, maana simu yako haipatikani tangu kabla ya Ramadhani. Ndiyo sababu naandika barua ya wazi, huenda Mtanzania mwenzako huko Lubumbashi akakusomea.

Ramani yako ya dunia bado iko chini ya kioo cha meza ya duka. Kioo kina ufa juu ya Kongo, pale ulipokuwa ukigonga kidole kila ulipobishana na Baba Zuhura, fundi cherehani wetu wa barazani. Mlibishania nchi ipi itakuja kuwa taifa kubwa la dunia, na yeye aliipigania China. Wewe ulishikilia Kongo tu.

"Shaba wanayo, kobalti wanayo, mto wa kuwasha taa bara zima wanao. Hiyo simu yako, Baba Zuhura, ndani yake kuna Kongo!"

"Mbona wenyewe wako gizani?"

"Watulie miaka ishirini tu. Hao wakubwa wote watakwenda kupanga foleni kwao."

Mteja amesimama na kitenge chake mkononi, hana wa kumhudumia, nami nacheka tu. Nimeumiss ule ubishi wenu mpaka nakukasirikia.

Siku unaondoka kwenda Kongo, pale stendi, ulimshika Mama mikono ukamwambia utarudi ikishakuwa taifa kubwa la dunia, uje umchukue kwa ndege. Mimi nilijua unatania. Mama alilibeba neno lako kama ahadi. Tangu siku hiyo anaiombea Kongo kila baada ya swala: amani yake, barabara zake, hata mto wake. Tanzania anaigusia mwishoni, kama aliyekumbuka ghafla. Redio ikitaja mapigano ya huko, anaizima na kuiacha chai yake ipoe.

Kaka, mimi bado nakuamini. Nchi ile itakuja kuwa kubwa. Ila Mama hana muda wa kuisubiri. Jicho lake la kulia halioni tena, na daktari anasema la kushoto linafuata. Vitenge anavitambua kwa kupapasa. Juzi aliniuliza Kongo iko wapi pale mezani, nikauweka mkono wake kwenye ufa.

"Mwandikie kaka yako," akasema. "Mwambie nimeacha kuiombea iwe kubwa. Sasa naomba imwachie mwanangu aje, nimwone uso."

Kama unaona aibu kurudi na huko mambo bado ni yaleyale, Baba Zuhura ameahidi hatakucheka. Anasema yuko tayari kukubali kwamba ulikuwa sahihi, ilimradi uje ubishane naye kwanza.

Ukishuka stendi, usipitie kwa mtu. Njoo asubuhi, Mama anapokaa mlangoni. Saa hizo bado anaona kidogo.

Mdogo wako,
niliyebaki dukani
Babati