Siku Hizi Wanauza Nguo Tu

Kaka yangu mpenzi,

Nimekupigia sana hupatikani, ndiyo maana naandika. Mama anakusalimu, goti bado linamsumbua. Paka amezalia juu ya mashati yako, nimemwachia.

Kiwanda cha nguo kimepata wenyewe wapya. Enzi za babu, tajiri mwenyewe alikuja kubeba majeneza ya wafanyakazi. Serikali ilipokichukua, baba akapewa nyumba, nasi tukazaliwa kwenye zahanati ya kiwanda. Sasa zahanati ni ghala la marobota.

Baba hakutaka kuamini. Juzi kifua kilipombana, alikataa hospitali ya mjini. "Nimevuta vumbi la pamba yao maisha yangu yote," alisema. "Watanitibu." Nikamkokota mpaka getini. Meneja, kijana mpole, alitoka na kiti akamkalisha.

"Pole sana, mzee. Ila sisi siku hizi tunauza nguo tu. Matibabu hayatuhusu."

Baba akamshukuru kwa kiti. Nilikimbia kutafuta gari, na niliporudi, kaka, alikuwa ameshakata roho. Tumemzika jana. Kutoka kiwandani hakuja hata mtu mmoja.

Nyumba nayo ni yao. Wanataka tuhame, labda mmoja wetu awe mfanyakazi. Kwa hiyo Jumatatu naanza, kwenye mashine ile ile ya baba. Usinigombeze, mama nitampeleka wapi na goti lile?

Nimeshamwambia mama. Tangu asubuhi ameinamia sindano, ananishonea kitambaa cha kuziba pua na mdomo.

Ni mimi, mdogo wako.