Funguo Kumi na Nne na Stuli Moja

CHAMA CHA WAKAZI WA JENGO LA NYUMBA KUMI NA MBILI

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA CHA MWAKA HUU

Siku: Jumapili ya pili ya mwezi
Muda: Saa 10:00 jioni (kilianza saa 10:25, na waliochelewesha wanajijua)
Mahali: Ukumbi wa chini, kati ya lango na ngazi, kila mtu na kiti chake

WALIOHUDHURIA
1. Mfamasia, namba 7 – Mwenyekiti
2. Karani wa mahakama, mstaafu, namba 9 – Katibu
3. Mama Balbu, mshonaji, namba 1 – Mjumbe na mshika funguo
4. Nesi, namba 5 – Mjumbe
5. Kinyozi, namba 11 – Mjumbe
6. Wakazi wengine sita

MWALIKWA: Meneja wa majengo, kutoka kampuni inayotunza majengo ya watu

ALIYETOA UDHURU: Namba 4, amesafiri

WASIOHUDHURIA BILA TAARIFA: Hakuna. Jambo hili halijawahi kutokea tangu Katibu ashike kalamu hii.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kujitokeza, akaeleza kwamba ajenda kubwa ni moja tu: kumpa meneja wa majengo kazi ya kutunza maeneo yetu ya pamoja, yaani ngazi, taa za korido, pampu, tangi la juu ya paa, mtaro na lango. Alikumbusha kwamba kwa miaka kumi na tisa kazi hizo zote zimefanywa na Mama Balbu wa namba 1, bila kutumwa na mtu. Wiki tatu zilizopita Mama Balbu alianguka akibadilisha balbu ya ghorofa ya pili, akateguka kifundo cha mkono wa kulia. Baada ya hapo ngazi zilikaa bila taa siku tisa, kwa kuwa hakuna aliyejua balbu za akiba zinawekwa wapi.

Mama Balbu alisema zinawekwa kwenye kabati la mita, na zimewekwa humo tangu jengo lianze kukaliwa, ila hakuna aliyekuja kumuuliza. Mwenyekiti alikohoa na kuendelea na ajenda.

KUMB. NA. 2/6: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma kumbukumbu zote kwa sauti. Alipofika kwenye maneno "Mama Balbu alianguka kutokana na stuli mbovu", Mama Balbu alinyoosha mkono wenye bandeji. Alieleza kwamba stuli ile ilitengenezwa na marehemu mume wake aliyekuwa seremala, haina hata msumari mmoja, miguu yake imechomekwa na kukazwa kwa mbao yenyewe, na watoto wake wote wanne wameipanda mpaka wamekuwa watu wazima. Akasema: "Stuli haina kosa. Andika nilianguka, inatosha. Usimsingizie marehemu."

Kinyozi aliuliza, kama stuli haina kosa, ilikuwaje mpaka mtu aliyebadilisha balbu miaka yote hiyo akadondoka kama mgeni. Mama Balbu alijibu kwamba mguu ulikosea. Nesi, ambaye ndiye aliyefunga ile bandeji, alisema amemuuliza mara tatu kwa siku tofauti na jibu ni hilo hilo.

Katibu alieleza kwamba kumbukumbu zikishaandikwa si vizuri kuzichezeachezea, akaomba zipite kama zilivyo. Zilithibitishwa. Mama Balbu hakuunga mkono.

KUMB. NA. 3/6: YATOKANAYO – UKAGUZI WA JENGO

Itakumbukwa kwamba kikao kilichopita kiliazimia, kwa kauli moja, kwamba Meneja atakapokuja kukagua, jengo liachwe kama lilivyo ili auone ukweli. Azimio hilo halikufuatwa na mtu hata mmoja. Ijumaa asubuhi namba 3 alipiga deki korido ya chini "kidogo tu". Mchana namba 6 alifuta vioo vya madirisha ya ngazi. Namba 8 na namba 10 walikutana kwenye paa kila mmoja na ufagio wake, na kila mmoja akadai alipanda kuangalia hali ya hewa. Jumamosi, saa moja kabla ya ukaguzi, Kinyozi alipaka rangi ya kijani kishikio cha ngazi cha ghorofa ya tatu.

Katibu, kwa kuwa anaandika ukweli, anakiri kwamba naye alisugua namba za milango yote kwa majivu na limao hadi zikang'aa.

Meneja, dada mmoja mwenye viatu vya kazi, alianza kwa kumwamkia Mama Balbu na wakubwa wengine, kisha akatoa taarifa. Kiganja chake cha kulia bado kilikuwa na alama ya kijani. Alisema amezoea kukuta ngazi zenye ndoo zilizovunjika na pampu zinazolia, lakini hapa pampu imetiwa grisi, valvu zimefungiwa vitambaa vya alama, na mtaro unapitisha maji bila kusukumwa. Alisema usafi wa siku moja anaujua kwa macho, na ule wa miaka mingi anaujua pia. Maneno yake yalikuwa: "Jengo hili lina msimamizi tayari. Ni nani?"

Hatukuwahi kumwita mtu kwa cheo hicho. Wote tulijikuta tunamtazama Mama Balbu, naye alikuwa anatazama sakafu. Katibu anaomba iingie humu kwamba kila mtu pale alijisikia fahari, na aibu ikafuata nyuma yake.

Kasoro zilizotajwa ni mbili tu. Ya kwanza ni rangi mbichi. Ya pili ni kabati la viatu lililoko mbele ya mlango wa namba 9, pale ngazi zinapogeukia, linaloziba njia. Ifahamike kwamba kabati hilo ni la Katibu, na kwamba Mama Balbu amelilalamikia kwa miaka mitano, hata salamu kati yao zimebaki za kichwa tu. Katibu alisema jambo hilo litajadiliwa chini ya Mengineyo, muda ukiruhusu.

KUMB. NA. 4/6: KUMPA MENEJA KAZI

Kinyozi alipinga kwanza. Alisema jengo hili ndilo pekee mtaani ambalo mgeni akiingia hashiki pua, na kumleta mtu wa nje ni kujitangaza kwamba tumeshindwa. Nesi alimjibu kwamba yeye Kinyozi ameishi hapa miaka minane na hajui swichi ya pampu iko ukuta gani, kwa hiyo fahari anayoitambia ni ya mwanamke mmoja na mgongo wake. Wajumbe walicheka, Kinyozi naye akacheka, kisha akakaa.

Mama Balbu aliomba nafasi. Alisema hakuna aliyemwajiri, hakuna aliyemwagiza, alishika ufagio siku alipohamia kwa sababu alikuta vumbi, na hakuuachia. Alisema: "Leo mnanifukuza kazi ambayo hamkunipa."

Mwenyekiti alijibu kwa upole kwamba hakuna anayemfukuza, ila mkono ule unaweza kupona, na akianguka tena shingo isipone. Meneja aliongeza kwamba yeye atakuja mara mbili kwa wiki na fundi wake, na hatagusa kitu kabla ya kuelekezwa na aliyekitunza. Kura zilipigwa kwa mikono. Waliokubali kumi, aliyekataa mmoja. Azimio lilipita.

KUMB. NA. 5/6: MAKABIDHIANO YA FUNGUO

Mama Balbu aliweka funguo mezani. Ni kumi na nne, zimefungwa kwenye ukanda wa kitambaa, na kila mmoja una kipande cha rangi yake: bluu tangi, nyekundu pampu, cha maua lango la nyuma, na kadhalika.

Meneja alitoa fomu ya makabidhiano. Palipoandikwa "Msimamizi anayeondoka" paliandikwa jina la Mama Balbu, na wajumbe walipiga makofi. Palipoandikwa "Sababu ya kuondoka", Mwenyekiti alipendekeza iandikwe "uzee na kuanguka". Mama Balbu alirudisha mkono juu ya funguo. Alisema: "Uzee ninao, sikatai. Lakini sikuanguka kwa uzee. Hiyo sisaini."

Aliulizwa basi alianguka kwa nini. Alizivuta funguo upande wake. Mwenyekiti alisema bila fomu hakuna makabidhiano, na bila makabidhiano azimio ni kelele tu. Hapo Katibu aliomba kuweka kalamu chini.

(Hapa anaandika Nesi wa namba 5. Baba Karani amesimama na hawezi kusema huku anaandika. Amevua miwani. Amesema hivi, naandika kama alivyosema: "Stuli ilikuwa na miguu mitatu sakafuni, na wa nne ukingoni mwa ngazi, kwa sababu kabati langu limekula nafasi. Nilisikia kishindo, nikafungua mlango, nikaona kwa macho yangu. Halafu nikaja kuandika stuli mbovu." Amesema amekuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja na hajawahi kuandika uongo, huu ndio wa kwanza, na tangu auandike hajala kwa raha. Kinyozi amemuuliza Mama Balbu mbona alinyamaza. Amejibu kwamba angesema, tungedhani anamwonea Karani kwa ule ugomvi wa kabati. Halafu amesema: "Na ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka chini, na moyo wake ule mgonjwa. Ningemsema vipi?" Baba Karani amelia kidogo. Ameniomba nisiandike. Nimeandika.)

Katibu alirudishiwa kalamu. Amepitia sehemu iliyoandikwa na Nesi na kuikuta sahihi kwa kila kitu isipokuwa mwandiko.

Iliazimiwa kwamba kumbukumbu za kikao kilichopita zisahihishwe kama ifuatavyo: palipoandikwa "kutokana na stuli mbovu" pasomeke "kutokana na kabati la viatu la Katibu, lililokatazwa miaka mitano na halikuondolewa". Katibu ndiye aliyetoa maneno hayo, na hakukubali yapunguzwe.

Meneja aliuliza tena aandike sababu gani. Safari hii Mama Balbu alijibu mwenyewe: "Andika, amemaliza zamu yake." Iliandikwa hivyo. Alisaini kwa mkono wa kushoto, sahihi ikapinda, Meneja akampa karatasi nyingine, akaikataa.

Kisha alimkabidhi Meneja funguo mmoja mmoja, akieleza kila mmoja unafungua nini na una tabia gani. Wa paa unataka kuinuliwa kidogo kabla ya kuzungushwa. Wa pampu usiugeuze kabla bomba la chini halijafunguliwa. Kazi hiyo ilichukua dakika hamsini na Meneja aliandika yote. Hakuna mjumbe aliyeondoka, na Katibu, ambaye amehudhuria viapo vingi vya wakubwa, hajaona makabidhiano yenye heshima kama yale.

KUMB. NA. 6/6: MENGINEYO

Muda uliruhusu. Kabati la viatu liliondolewa hapo hapo na Katibu akisaidiwa na Kinyozi, likaingizwa ndani ya namba 9 pamoja na viatu vyake, jozi kumi na moja. Mke wa Katibu aliomba iandikwe kwamba harufu sasa ni ya mwenye viatu.

Katibu alimwendea Mama Balbu na kumsalimu kwa mdomo. Aliitikiwa. Alimwomba radhi yeye na marehemu. Mama Balbu aliingia namba 1, akatoka na stuli, akaiweka mbele yake na kusema: "Kalia. Halafu ndiyo uandike."

KUFUNGA KIKAO

Wajumbe walibeba viti vyao saa 12:40 jioni, taa zote za ngazi zikiwa zinawaka.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)

Nyongeza ya Katibu: Nakala safi ya kumbukumbu hizi imeandikwa kwa saa mbili na nusu, Katibu akiwa amekalia stuli iliyotajwa. Haitikisiki.