Nimemtia Mama Mkwe Wangu Kwenye Tamthilia

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi, nakuandikia nimejifungia kwenye chumba cha mavazi, kati ya magauni ya harusi ya watu ambao hawajaoana, na kila nikisikia viatu koridoni najibanza nyuma ya shela. Mimi ni mwandishi wa tamthilia ya runinga, ile yenye mama mkwe mkorofi anayechukiwa na kila mtu, na ukweli ambao sijamwambia hata mume wangu ni kwamba yule mama simbuni, namnakili tu, kwa sababu mama mkwe wangu anaishi nasi miaka mingi sasa na kila anachoniambia jikoni asubuhi kinaingia kwenye mswada mchana, "Mwanangu, hii chumvi umeitia au ilikuponyoka?", neno kwa neno, na jioni tunakaa wote sebuleni anampigia kelele mwigizaji, "Mwanamke gani huyu, hana hata haya!", nami nang'ata mto nisicheke.

Sasa mwezi uliopita vichekesho viliniishia, nikaandika kitu ambacho sikupaswa hata kukiona, maana siku moja nilipita mlangoni kwake nikamkuta anapiga pasi koti la marehemu baba mkwe huku analisimulia habari za nyumbani, nani kaja, nani kaugua, halafu ananyamaza kama anayesubiri jibu, basi nami nikampa yule mama mkorofi koti la kuongea nalo, mwongozaji akacheka mpaka akashika mbavu, watazamaji wakacheka, lakini jioni ile mama mkwe wangu hakucheka wala hakupiga kelele, aliinuka akazima runinga, akasema, "Kesho nipeleke kazini kwako nikaone mnavyofanya."

Nikampeleka, ningekataaje, akakaa nyuma ya kamera na mkoba wake mapajani, mpaka mwigizaji alipokosea ile sentensi ya chumvi mara ya nne, ndipo akamwambia, "Hapana, mama. Usimtazame mkamwana. Itazame sahani, kama unayeihurumia." Watu wakapiga makofi, mwongozaji akamwajiri palepale amfundishe mwigizaji, sasa anakuja kila siku, wanamwita Mwalimu, na ameanza kuwaletea visa vyake mwenyewe, yule mkamwana wa tamthilia niliyemwandika kama malaika sasa anajifungia chooni kula nyama kabla haijafika mezani, anajifanya yuko kwenye simu ya kazi huku vyombo vinamngoja, na Mshauri, huyo ni mimi! Alhamisi tunarekodi kisa cha nyama na mume wangu amealikwa kutazama. Nimwombe mwongozaji akifute? Niache kazi? Au nijifanye sijui, kwa kuwa yeye mwenyewe hajasema kitu?

Mwandishi Taabani

*

Dada Taabani,

Pole. Nimeshasema pole, sasa sikiliza.

Unasema hajasema kitu. Amesema kila siku, mbele ya watu wote kazini kwako! Alijua tangu alipozima runinga. Mnaishi nyumba moja, mnapika jiko moja, na bado mmeona mgombane kupitia kamera tatu na waigizaji. Mwongozaji wenu ana bahati.

Kisa cha nyama kiache. Ulikula chooni, watu na wacheke, na mumeo naye acheke. Huenda alishakusikia ukitafuna. Kwa chumvi na nyama mko sare. Koti ni jambo jingine. Maneno ya chumvi alikuwa anakuambia wewe, lakini ya koti alikuwa anamwambia mumewe. Ulitega sikio kwenye mazungumzo yasiyokuhusu, kisha ukayafanya kichekesho. Hapo ulikosa, na usijitetee kwa kusema ni sanaa. Tena jiulize: mtu aliyekaa nawe miaka yote hiyo anajua mangapi mazito juu yako? Naye amechagua nyama. Amekustahi kuliko ulivyomstahi.

Kwa hiyo, leo, si Alhamisi, mwambie mwongozaji lile koti lisionekane tena. Akiuliza sababu, mwambie mwandishi alikosea. Kisha rudi nyumbani, mfuate Mama jikoni, umwambie: "Nilikuona na koti la Baba, nikaliandika. Nisamehe." Basi. Usiongeze pambo, usilie kwa kupendeza. Mumeo mwambie baadaye, Mama akishasikia kwanza. Mama akinyamaza, nyamaza naye hapohapo. Akikufokea, msikilize mpaka mwisho, na hata akitamka sentensi nzuri kiasi gani, ole wako ukigusa kalamu.